Koa Kumi na Wawili wa Kuazima

Jumatano, tarehe 6 Februari 2019, saa mbili na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakiwa yamekoma na mawingu yangali yameinamia mapaa, nilipokea mkononi mwa shemeji yangu funguo tatu: wa mlango wa mbele wa kliniki yake ya meno, wa kabati la vifaa, na mdogo wa kisanduku cha umeme. Nilizihesabu mbele yake, kisha nikamwomba atie sahihi kwenye karatasi ya makabidhiano niliyoiandaa mwenyewe.

“Shemeji, nakuachia samaki, sikuachii benki,” alisema.

“Kilichoandikwa hakibishaniwi,” nikamjibu.

Akatia sahihi huku akitikisa kichwa. Yeye ni kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa anakwenda ng’ambo kwa wiki kumi kujifunza namna mpya ya kupandikiza meno, na kwa muda huo wote kliniki ingefungwa. Asichoweza kukifunga ni tangi la kioo lililokuwa katika chumba cha kungojea wagonjwa. Lilikuwa tangi la maji ya chumvi, refu kama kitanda cha mtu mzima, lenye mawe, matumbawe na samaki watano. Alilianzisha mwaka aliofungua kliniki, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kulikabidhi kwa mtu mwingine.

Katikati ya tangi, juu ya jiwe pana, lilikaa tumbawe moja la kijani, la mviringo, lenye mikunjo iliyopindapinda. Wagonjwa walilipa jina la Ubongo. Shemeji alilileta likiwa dogo kama kifungo cha koti, na sasa viganja viwili vilivyokunjuliwa havikutosha kulifunika.

“Samaki wakifa nitanunua wengine,” alisema, kidole chake kikiwa juu ya kioo. “Lakini hili, miaka kumi na moja siinunui dukani. Nitalikuta kama lilivyo?”

“Utalikuta kama ulivyoliacha. Nimekupa neno langu.”

Sina budi kueleza uzito wa kauli hiyo. Nilisoma shule ya bweni miaka sita, na miwili ya mwisho nilikuwa kiranja wa bwalo, nikisimamia chakula cha wanafunzi mia tatu na arobaini. Baada ya hapo nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na mmoja, hadi nilipostaafu. Katika muda huo wote sijapata kutoa neno nikalirudisha mfukoni. Ukoo wa mke wangu wananiita Kiranja. Wengine huniita hivyo kwa heshima. Shemeji huniita hivyo anapotaka kunichokoza.

Nilikwenda klinikini mara tatu kila siku, kwa saa zisizobadilika. Nilipima joto na chumvi, nikaongeza maji safi kufidia yaliyokauka, nikafuta kioo. Chakula kilikuwa vipande vya uduvi vilivyogandishwa. Nilikiyeyusha ndani ya bilauri, nikawarushia samaki sehemu yao, kisha nikayalisha matumbawe moja moja kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Shemeji alikuwa ameniandikia orodha ya wanaostahili kulishwa na kiasi cha kila mmoja.

Siku ya tisa niliona maua. Yalikuwa matatu, kwenye pembe ya jiwe la nyuma, rangi yake kama chai iliyotiwa maji mengi. Kila ua lilisimama juu ya shina jembamba, na kichwani lilikuwa na taji la minyiri myembamba, kama mikono ya pweza, iliyopepea. Katika orodha ya shemeji hayakutajwa popote.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo nalikiri kwa ukamilifu wake. Bwaloni tulifundishwa kwamba hakuna mdomo unaokaa mezani sahani yake ikawa tupu, na kwamba kiranja anayemruka mtu mmoja ni sawa na kiranja aliyewaibia wote. Nilichukulia kuwa shemeji alisahau. Nikachukua kalamu, nikaongeza mstari chini ya orodha yake: “Maua ya pembeni, matone mawili kila moja.” Sikumuuliza mtu yeyote.

Na yalikula kwa adabu iliyoje! Samaki waligombana, matumbawe yalijivuta kwa uvivu, lakini maua yale, tone likiyagusa, yalikunja minyiri taratibu, yakapeleka tonge kinywani, yakafunga kinywa. Nilimwambia mke wangu kwamba katika tangi zima hao ndio pekee waliopata malezi. Mwisho wa Februari yalikuwa kumi na tisa. Jumanne, tarehe 5 Machi, yalikuwa arobaini na moja. Nilikuwa nikiziandika idadi hizo katika daftari kwa fahari, mfano wa mwalimu mkuu aliyekabidhiwa shule iliyodorora akaijaza wanafunzi.

Siku hiyo ndiyo aliyokuja fundi wa maji, aliyekuwa akilikagua tangi mara moja kila mwezi. Ni mtu mfupi, mpole, ambaye hukunja suruali hadi magotini hata pasipo na maji sakafuni. Aliweka ndoo yake chini, akainama mbele ya kioo, akakaa hivyo kwa muda.

“Mzee, haya yametoka wapi?”

“Yalikuwa matatu. Nimeyakuza.”

Akageuza shingo polepole. “Umeyakuza.”

“Kwa matone mawili kila siku. Kila moja, bila upendeleo.”

Fundi alijivuta akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. “Mzee wangu, haya ni magugu. Kusema kweli ni wanyama, ni anemoni, lakini siyo zile kubwa ambazo samaki wanakaa ndani yake. Haya yanachoma kila kitu kinachoyasogelea. Ukiyakata, kila kipande kinaota kinakuwa kizima. Watu wanahangaika kuyaua, wewe unayapikia.”

“Hayakutajwa kwenye orodha,” nilisema.

“Hata mwizi huwa hatajwi kwenye orodha ya wageni, mzee. Hebu njoo uone.”

Alinionyesha upande wa Ubongo ulioelekea ukutani, ambao sikuwa na mazoea ya kuukagua. Magugu saba yalikuwa yamejipanga chini yake, minyiri imenyoshwa juu. Pale yalipofika, nyama ya kijani ya tumbawe ilikuwa imerudi nyuma, ikaacha mfupa mweupe nje, kama ufizi unavyoliacha jino bovu.

“Litakufa?” niliuliza.

“Yakiendelea kulichoma, ndiyo. Kidogo kidogo.”

Alinifundisha tiba. Nilitakiwa kukoroga chokaa maalumu ya matangi hadi iwe uji mzito, niivute kwa bomba, na kuiweka juu ya kinywa cha gugu nalo lingejifunga na kufa. Nisizidishe magugu matano kwa siku, maji yasije yakaharibika. Na kwa hali yoyote nisiipeleke karibu na Ubongo, kwa kuwa chokaa isingechagua adui wala rafiki.

Niliua matano kila siku kwa siku kumi na saba. Magugu themanini na matano yaliyeyuka mbele ya macho yangu, lakini yaliyojichomeka nyufani yalitoka na kuzaana, na siku ya kumi na saba nikahesabu hamsini na mawili. Nilikuwa natwanga maji kinuni. Yale saba ya chini ya Ubongo, ambayo sikuweza kuyagusa, yalikuwa kumi na moja, na mfupa mweupe ulikuwa umefikia upana wa kidole.

Mke wangu alikuwa na desturi ya kuniletea chupa ya chai saa kumi. Alikaa kwenye kiti kile kile cha wagonjwa na kunitazama.

“Kiranja, leo umefukuza shule wangapi?”

“Watano.”

“Na walioandikishwa upya?”

Nilianza kusuuza bomba la chokaa.

“Mwambie kaka.”

“Nitamwambia nikishalitengeneza.”

“Hapo utakuwa humwambii,” alisema, akimimina chai. “Utakuwa unamhadithia.”

Shemeji alikuwa akipiga simu kila Jumapili. “Ubongo hajambo?” aliuliza. “Lipo,” nilijibu. Lilikuwapo kweli. Lakini naijua shule iliyonilea, na najua jibu la namna hiyo lingeitwaje pale, na ni viboko vingapi vingelifuata. Kila Jumapili niliweka simu chini nikiwa nimeinamisha kichwa katika nyumba yangu mwenyewe.

Fundi ndiye aliyenielekeza kwa Mama Machupa. Alikuwa mtunza maabara mstaafu, akiishi nyuma ya duka la vitambaa, katika chumba kirefu chenye rafu kuta zote nne. Nilifika Jumamosi, tarehe 23 Machi, asubuhi. Rafuni kulikuwa na mamia ya chupa pana za vioo, za aina inayowekewa achari, kila moja ikiwa na mpira mwembamba unaopuliza hewa. Sakafuni yalipangwa mabeseni meupe, na ndani ya mabeseni hayo niliona jambo lililonisimamisha mlangoni. Yalikuwa yamejaa magugu yangu, kwa maelfu, yaliyonona, na mama mwenyewe alikuwa amechuchumaa akiyalisha.

“Hodi,” nilisema. “Nawe unayalisha?”

“Karibu, baba. Nisipoyalisha, koa wangu watakula nini? Mawe?”

Alinionyesha. Koa ni kama konokono asiye na gamba. Hawa wake walikuwa wa baharini, weupe, kila mmoja hazidi ukucha wa kidole cha mwisho, mgongoni wana manyoya laini kama brashi. Alinieleza kwamba katika dunia nzima hawali kitu kingine ila gugu lile. Huliingia hata ndani ya nyufa, humo humo mlimojificha adui yangu, wala hawaligusi tumbawe. Likiisha, nao hufa njaa.

“Bei gani?” nikauliza.

“Siwauzi. Mtu akinunua kitu, kikimaliza kazi anakitupa. Akiazima, hulala na wasiwasi. Nataka wasiwasi wako.” Alichukua daftari la jalada la buluu. “Nakupa kumi na wawili wakubwa. Jumamosi, tarehe 13 Aprili, kabla ya adhuhuri, wawe hapa. Yuko mwingine anayewangoja, na tangi lake ni baya kuliko lako. Usiniletee hela, niletee wao. Tia sahihi.”

Nimetiliwa sahihi na watu wengi maishani, wengi wao kwa kuwalazimisha. Huyu alikuwa wa kwanza kuniwekea kalamu mkononi kabla sijaomba. Nilitia sahihi kwa heshima.

Niliwashusha koa kwa mrija, mmoja mmoja, kwenye mawe yaliyoizunguka miguu ya Ubongo, nikaweka kitambaa cha wavu kwenye mdomo wa pampu wasije wakavutwa. Dakika kumi baadaye hakuonekana hata mmoja. Ni viumbe wenye haya, huchukia mwanga. Kwa siku nne sikuona badiliko lolote, nikaanza kuwaza kwamba nimeazima kumi na wawili na kuwaua kumi na wawili. Siku ya tano, tarehe 28 Machi, nikaona kwenye kioo uzi mweupe uliojizungusha kama kamba ya mtoto: mayai. Wageni wangu walikuwa wamejenga.

Tangu siku hiyo idadi ilishuka. Arobaini na tisa, arobaini, ishirini na nane. Kila asubuhi nilikuta pengo mahali palipokuwa na gugu jana, jiwe limeachwa safi kama sahani iliyolambwa. Yale ya chini ya Ubongo yalikwisha tarehe 3 Aprili. Tarehe 9, siku ya Jumanne, nililizunguka tangi mara tatu na taa ya mkononi nikaandika sifuri. Nyama ya kijani ilikuwa imeacha kurudi nyuma. Asubuhi ilituna vizuri, yenye afya. Lakini upande wa ukutani ulibaki ukanda wa mfupa mweupe, upana wa vidole viwili, na huo hakuna koa wala fundi awezaye kuurudisha.

Niliuchukulia kuwa ushindi, nikajipangia siku nane zilizobaki: siku nne za kuwakusanya koa na kuwarudisha, nne za kuandaa maneno ya kumwambia shemeji kuhusu vidole viwili. Alhamisi, tarehe 11, saa tatu asubuhi, simu ikaita. Mafunzo yalikuwa yamemalizika mapema. Shemeji angewasili kesho yake alasiri.

Na koa sikuwa nao. Kwa asubuhi mbili nilikuwa nimewatafuta kila ufa bila kumpata hata mmoja. Walikuwa humo, na walikuwa na njaa. Nikaenda tena kwa Mama Machupa.

“Hawaji kwa kuitwa,” alisema. “Wanafuata harufu ya chakula.” Akachovya mkono kwenye beseni, akatoa jiwe dogo lenye magugu manane yaliyostawi, akalitia ndani ya chupa yenye mdomo mpana. “Ilaze chini ya mawe yako leo. Jumamosi asubuhi utaitoa na wao ndani. Wape usiku mbili, chini ya hapo hawatatosha.”

“Mama, nimetumia wiki tano kulitoa hili tangini. Unataka nilirudishe kwa mkono wangu?”

“Nataka koa wangu. Namna ya kuwapata ndiyo hiyo.”

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeipakata chupa ile ndani ya mfuko. Mke wangu alikuwa amenipakulia. Nikamweleza yote, naye akasikiliza bila utani, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi.

Hesabu ilikuwa nyepesi, na ndiyo maana ilikuwa chafu. Nisipoiweka chupa, shemeji angelikuta tangi safi, bila gugu hata moja. Kuhusu ukanda mweupe, matumbawe hupungua kwa sababu nyingi, naye huenda asingeuliza. Mama Machupa ningemwambia kwamba koa walikufa. Angeamini, kwa sababu koa hufa. Nikiiweka, shemeji angeingia na kukuta adui amelazwa katikati ya tangi lake la miaka kumi na moja, nami ningelazimika kusema kila kitu, kuanzia matone mawili.

“Ukiiweka, kaka ataikuta,” alisema mke wangu. “Usipoiweka, wadudu wa watu watakufa.”

“Najua.”

“Basi angalia utamwonea haya nani. Kaka, au yule mama, au yule anayengoja koa.” Akavuta sahani yangu karibu nami. “Au ule kwanza. Haya haziliwi.”

Nilikula matonge mawili, nikasimama, nikaenda klinikini. Niliilaza chupa chini ya mawe saa nane na nusu mchana, mdomo wake ukielekea kwenye ufa mkubwa.

Shemeji alifika Ijumaa saa kumi kasoro robo, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, sanduku mkononi. Nilikuwa nimesimama kando ya tangi, nimevaa tai. Alinikumbatia, akanipita, akainama mbele ya kioo kama mtu anayemtazama mwanawe usingizini. Kisha mgongo wake ukakakamaa.

“Hii chupa ya nini?”

“Ina magugu manane. Nimeyaweka mimi.”

“Nayaona ni magugu. Nauliza yanafanya nini ndani ya tangi langu.”

Nilimweleza kwa mpangilio, bila kujitetea: maua matatu, mstari nilioongeza kwenye orodha, matone mawili kila siku, arobaini na moja, chokaa, hamsini na mawili, koa kumi na wawili wa kuazima. Kisha nikamwongoza upande wa ukutani, nikamwonyesha mfupa. Alichomoa kalamu mfukoni, akaupima nayo kwenye kioo.

“Vidole viwili.”

“Vidole viwili,” nikasema. “Nilikupa neno langu kwamba utalikuta kama ulivyoliacha. Hukulikuta hivyo. Na Jumapili zote ulizoniuliza, nilikujibu kwa namna ya kukuficha.”

Pampu ilivuma. Nilitazama kioo, siyo yeye.

“Uliyalisha,” alisema mwishowe.

“Ndiyo.”

“Kwa usawa.”

“Matone mawili kila moja.”

Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akaweka uso viganjani, na mabega yakaanza kutikisika. Ilinichukua kitambo kutambua kwamba anacheka. Sikucheka. Alipoinua uso, kicheko kilikuwa kimekwisha.

“Vidole viwili ni miaka miwili, shemeji.”

“Nitagharamia chochote utakachosema.”

“Huwezi kugharamia. Hakuna dukani.” Aliusugua uso wake. “Litaota lenyewe, au halitaota. Hilo sikudai, maana hulilipi. Lakini chupa hii itoe sasa hivi. Sitaki kulala na magugu yako.”

“Koa wa mama yule wamo ndani ya mawe. Wakikosa chambo leo, kesho sitakuwa na cha kumrudishia.”

“Huo ni mkataba wako na yeye. Tangi ni langu.”

Alisema kweli. Tangi lilikuwa lake, na mimi nilikuwa nimeshapoteza haki ya kutoa amri ndani ya chumba kile. Kwa miaka ishirini na sita ya undugu wetu wa ndoa sikuwahi kumwomba kitu. Nilimsaidia, nilimshauri, nilimsahihisha mbele ya watu. Kumwomba, hapana.

“Shemeji,” nilisema, “nakuomba. Nipe hadi kesho saa moja asubuhi.”

Akanitazama. “Sema tena.”

“Nakuomba.”

“Sijapata kulisikia hilo neno kinywani mwako. Hata ulipokuja kumposa dada yangu, ulikuja kama unakagua mizani yetu.” Alisimama, akazima taa ya tangi ili koa wapate giza mapema, kisha akachukua sanduku lake. “Saa moja. Siyo na dakika tano.”

Jumamosi, saa moja kasoro dakika tano, sote watatu tulikuwa pale, kwa maana mke wangu naye alikataa kubaki nyumbani. Nilivuta pumzi, nikashusha mkono majini, nikaziba mdomo wa chupa kwa kiganja, nikaitoa. Magugu yaliyobaki juu ya jiwe yalikuwa mawili. Koa walikuwa wameligandia kila upande.

“Wangapi?” aliuliza mke wangu.

“Tisa,” nilisema.

Shemeji aliingia chumba cha matibabu, akarudi amevaa miwani yake yenye lenzi ndefu za kukuzia meno. Akaiinua chupa dirishani.

“Tisa wakubwa. Ngoja. Wako na wengine hapa, kama punje za ufuta.” Akahesabu kwa sauti ndogo, midomo ikicheza, jinsi anavyohesabu meno ya mtoto. “Kumi na sita. Na uzi wa mayai chini ya jiwe.”

“Wana wajukuu kabisa,” alisema mke wangu. “Kiranja, bweni limejaa.”

Tuliwatafuta watatu waliosalia hadi saa tatu, shemeji na lenzi zake, mimi na taa. Hatukuwapata. Nikaifunga chupa kwa taulo, nikaondoka peke yangu kwa miguu, polepole, nisimwage.

Nilifika kwa Mama Machupa saa nne na robo. Aliimimina chupa ndani ya sahani nyeupe, akavaa miwani yake, akainama. Nilisimama wima mbele yake.

“Mama, uliniazima kumi na wawili wakubwa. Nimekuletea tisa. Watatu nadaiwa. Sema utakavyo nilipe.”

Alimaliza kwanza kuhesabu. “Na hawa wadogo kumi na sita wa nani?”

“Wamezaliwa tangini. Sikuwaazima. Siwezi kuwahesabu kama malipo.”

“Nani amekwambia huwezi?”

“Makubaliano yalisema kumi na wawili wakubwa.”

“Makubaliano niliyaandika mimi, baba. Wakubwa wale waliishi mwezi mzima kwangu kabla yako, umri wao ulikuwa unakaribia kwisha hata wangebaki hapa. Wakubwa wa mwezi ujao ndio hawa. Unanirudishia ishirini na watano, unalia na watatu.” Alifungua daftari la buluu, akapitisha kidole hadi kwenye jina langu. “Mwenye deni ni wewe, mwenye kudai ni mimi. Ni nani kati yetu anayesema limelipwa?”

Nilitaka kubisha. Hoja nilikuwa nayo, tena mbili. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwake.

“Ni wewe,” nikasema.

“Limelipwa,” alisema, akalichora jina langu mstari mmoja ulionyooka, akaanza kuwahamisha koa tisa kwenye chupa ya mtu aliyekuwa akingoja.